Ubeti wa Tatu na Nati Nne za Baba

Enzi zetu, asubuhi ya Mpemba haikuanzishwa na jogoo, ilianzishwa na mashine ya Baba. Kwanza ulisikia hendeli ikizungushwa, kisha kikohozi kimoja kizito, kisha cha pili, halafu injini ikashika mwendo wake, tuku-tuku-tuku, na bomba likatoa pete za moshi juu ya mashamba ya mahindi. Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu mtakumbuka. Mpemba haikuwa mji. Malori yaliyopita barabara kuu kwenda Zambia yalikuwa machache, tuliyahesabu kwa vidole tukiwa tunachunga mbuzi, na Tunduma palikuwa mahali pa kwenda ukiwa na sababu. Nikifumba macho leo, umri huu, bado nausikia mlio ule kwenye nyayo kabla haujafika masikioni, kwa sababu sakafu ya nyumba yetu ilitetemeka nao.

Wanawake walifika na ndoo zao umande ukiwa bado kwenye majani. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka, wana ndugu huku na huku, wakatusalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," na Mama akawajibu kwa Kinamwanga, na mazungumzo yakaendelea bila mtu kuona ajabu. Ndoo zilipangwa foleni zenyewe. Mwenye ndoo angeweza kwenda kuchota maji, kunyonyesha, hata kugombana na mtu, akarudi akakuta ndoo yake imesogezwa mbele na wenzake kwa haki. Sisi watoto tulicheza mdako pembeni, nywele zetu nyeupe kwa vumbi la unga kama vikongwe. Unga ukitoka mashineni ni wa moto. Tuliingiza mikono ndani ya ndoo ya Mama ili tulipate lile joto, naye akajifanya haoni. Mjukuu wangu mmoja, mtoto mwenye akili sana kwenye simu, aliwahi kuniuliza kama unga unatoka kiwandani ukiwa tayari ndani ya mfuko. Sikumcheka. Nilisikitika tu kwamba hajawahi kuingiza mkono.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mwenye mashine, na kazi hizo mbili alizifanya kwa uso uleule. Ufundi aliupata ujanani, alipokwenda kufanya kazi Kopabeti, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, kama wanaume wengi wa kwetu. Huko alikaa chini ya fundi mmoja mzee aliyemfundisha kushusha injini na kuipandisha tena. Mzee yule hakujua kusoma. Hatua za kazi alizihifadhi katika nyimbo, kila hatua na mahali pake katika wimbo, ili mkono usiruke kitu. Baba alirudi nyumbani na ufundi ule, akaziacha nyimbo za mzee yule huko huko kwa sababu, alisema, baadhi yake zisingeweza kuimbwa mbele ya Mama. Badala yake akachukua wimbo mmoja wa kanisani, wa shukrani, wenye mwendo wa pole na beti nne.

Niwaeleze jinsi ulivyotumika, maana ndiko mambo yalikotokea.

Injini yetu ilikuwa ya dizeli, ya silinda mbili. Ndani ya kila silinda mna pistoni, inayopanda na kushuka ikisukumwa na moto wa dizeli. Chini ya pistoni mna mkono wa chuma uitwao konrodi. Mkono huo unalishika shafti kubwa la chini, lile linalozunguka na kuvuta mkanda wa mashine. Mahali konrodi inapolikumbatia shafti, mna kifuniko kinachofungwa kwa bolti mbili na nati mbili. Konrodi mbili, nati nne. Nati hizo ndizo Baba aliziogopa kuliko kitu chochote ndani ya injini. Alitueleza hivi: nati iliyolegea itafunguka yenyewe kwa mtikisiko, na iliyokazwa kupita kiasi itaikata bolti, kwa sababu bolti nayo hurefuka kidogo ikivutwa, kama mpira, na katika kule kurefuka ndipo inaposhika. Inatakiwa ivutwe kwa kiasi chake.

Kiasi chenyewe tulikipima kwa mizani ya ndoano, ileile ya kupimia maharage. Baba aliingiza spana kupitia mlango mdogo ulio ubavuni mwa injini, akaning'iniza mizani kwenye ncha ya spana, akavuta mizani badala ya spana. Mtu mwingine alisoma mshale, akasema "basi" ukifika. Na mtu huyo ndiye aliyeimba. Ubeti wa kwanza, nati zinakazwa kwa vidole mpaka zikae. Ubeti wa pili, kwa spana, mpaka mshale ufike kilo kumi na mbili. Ubeti wa tatu, kilo ishirini na nne, na hapo ndipo nati inapata nguvu yake kamili. Ubeti wa nne, pini zinachomekwa ili nati isirudi nyuma. Kila ubeti ulikuwa na mistari minne, na kila mstari ulikuwa na nati yake. Wimbo ukiisha, kazi imeisha. Baba alikuwa akisema mkono wake haukumbuki kitu, unafuata wimbo tu.

Aliyeimba miaka yote alikuwa dada yangu Tabitha. Lakini mwaka huo Tabitha aliolewa kwenye milima ya Ileje, tukamsindikiza kwa shangwe na machozi. Haukupita muda mrefu injini ikaanza kulia vibaya. Moshi uligeuka wa bluu, oili ikawa inaliwa, na ndani mkasikika kugongagonga kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Baba akaizima. Akasema inashushwa.

Kwa watoto ile ilikuwa sikukuu. Vifaa vilioshwa kwa mafuta ya taa kwenye beseni, vikapangwa juu ya shuka kuukuu katika utaratibu uleule vilivyotoka, na ole wake mtoto atakayeruka juu ya shuka lile. Ringi za zamani, pete za chuma zinazoizunguka pistoni, tulipewa, tukazikimbiza njiani kwa kijiti kama magurudumu, na zilipoanguka vibaya zilikatika kama kigae. Pistoni iliyochakaa ilipelekwa kanisani, ikawekwa kushikilia mlango usipigwe na upepo, na nadhani ilikaa hapo muda mrefu kuliko wachungaji wote niliowajua. Ringi mpya Baba alizipima kwa kuzitia ndani ya silinda na kupitisha nyembe nne zilizobanwa pamoja kwenye mwanya wake. Zikipita kwa shida kidogo, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Zikigoma, aliisugua ncha ya ringi kwa tupa, taratibu, huku akinong'ona kitu ambacho nadhani kilikuwa sala.

Lakini kwa Mama na wanawake wenzake haikuwa sikukuu. Vinu vilitolewa stooni. Wengine walijitwika mahindi na kwenda mbali kutafuta mashine nyingine, wakarudi jua likiwa limeshazama. Na sisi tulijua hatari iliyokuwepo. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na mashine kama yetu. Nati moja ilifunguka ndani, konrodi ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini na kutoka nje mbele ya watu. Kwa rehema hakuumia mtu. Lakini injini haikupona. Baba alinipeleka kuiona. Kuku walikuwa wanatagia ndani ya lile tundu, na mwenyewe alikuwa amerudi kwenye jembe, na watoto wake wameacha shule. Tulirudi nyumbani ameshika mkono wangu.

Siku ya kufunga zile nati ilikuwa Jumamosi, jua likielekea kushuka. Baba alikuwa na homa. Alikuwa amejifunga shuka mabegani, jasho linamtoka, na alitaka kazi iishe kabla ya Jumapili kuingia, kwa sababu Jumapili yeye hakugusa spana. Mwinjilisti alikuwa ameshatangaza kwamba baada ya ibada kanisa zima litakuja kuiombea mashine, kama ilivyokuwa desturi yetu kila ilipopandishwa. Watu wangesimama na nguo zao za kanisani kuizunguka, sala ingesemwa, kisha Baba angeiwasha. Basi akaniita. Alikuwa akiniita "mama", kwa kuwa nilibeba jina la mama yake.

"Mama, leo utaimba wewe."

Nilijiona mtu mkubwa. Nilishika mizani, nikasoma mshale, nikaimba kwa sauti yangu yote. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili, kilo kumi na mbili, basi, basi, basi, basi. Kisha nikaimba ubeti wa mwisho, na Baba, shavu lake limebanwa kwenye chuma na macho yamefumbwa kwa homa, akachomeka pini. Wimbo ukaisha. Akafunga milango ya ubavuni, akanishukuru, akaenda kulala.

Ninyi mliolelewa katika makanisa yetu mmeshaelewa nilichofanya. Nilikuwa mtoto wa kanisani. Na kanisani kwetu, hasa wakati wa mvua na wakati wa kilimo, mwinjilisti alisimama na kusema, "Tuimbe ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho." Maisha yangu yote niliuimba wimbo ule hivyo. Ubeti wa tatu niliujua, lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea kuuruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji ya njiani analolifahamu.

Siku ya pili nilikaa kanisani karibu na Mama, nimepakwa mafuta mpaka magotini, nina furaha. Mwinjilisti akasimama akautaja wimbo wetu, kwa heshima ya mashine. Kisha akasema yale maneno yake. Wa kwanza, wa pili na wa mwisho.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Jumamosi. Nilitazama mbele. Baba alikuwa amesimama na sahani ya sadaka, amevaa koti lake, uso umemsinyaa kwa homa lakini umetulia. Nilitaka kumkimbilia. Nikainuka nusu, na Mama akanifinya paja. Lile la Mama halikuwa la mchezo, wenye umri wangu mnaijua, finyo la kanisani linalofanywa bila mwenye kufinya kuacha kuimba. Nikakaa. Nikainuka tena, nikafinywa tena. Mahubiri yalikuwa marefu. Sikumbuki hata neno moja, Mungu anisamehe, mimi ambaye baadaye nilikuja kusomea Neno lake chuoni na kulifundisha watoto miaka mingi. Nilikuwa naona kuku wakitaga ndani ya injini yetu.

Tukatoka. Watu wakaelekea kwenye kibanda cha mashine wakiimba, na Baba mbele pamoja na wazee wenzake. Nilijipenyeza katikati ya sketi na makoti lakini nilikuwa mdogo, kila mtu alinisukuma nyuma kwa upole, tulia mtoto, tulia. Na nikubali jambo lingine. Sehemu ya moyo wangu haikutaka kufika. Baba alikuwa akisifiwa kila mahali kwa kazi yake isiyo na kosa. Nikisema, angeonekana mbele ya kanisa zima kwamba amefunga injini vibaya kwa kumsikiliza mtoto. Nikinyamaza, pengine zile kilo kumi na mbili zingetosha. Pengine Mungu angezishika mwenyewe. Nilianza hata kuomba azishike.

Sala ikasemwa. Wanawake walisimama karibu kabisa na injini, wengine na watoto mgongoni, kwa furaha ya kuisikia tena. Mama alikuwa wa kwanza. Baba akavua koti, akashika hendeli.

Nilipomwona Mama amesimama pale, ubavuni kabisa, penye mlango mdogo, miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilifika nikamshika Baba suruali.

"Baba, ubeti wa tatu hatukuuimba."

Watu wakacheka. Walidhani nalalamika habari za ibada. Mzee mmoja akasema mtoto huyu anapenda kuimba kuliko mwinjilisti, na mwinjilisti mwenyewe akacheka, akaniahidi tutauimba Jumapili ijayo. Baba hakucheka. Alinitazama, na niliona macho yake yakirudi Jumamosi, yakipita kwenye wimbo mstari kwa mstari. Akaitoa hendeli polepole, akailaza chini.

"Sogeeni nyuma kidogo," aliwaambia watu. Kisha akaniambia mimi, "Kalete mizani."

Mtu ambaye hakugusa spana Jumapili tangu abatizwe alipiga magoti kwenye oili na suruali yake ya kanisani. Akafungua milango ya ubavuni. Akachomoa pini nne, akazihesabu, akazipanga juu ya leso yake. Mwinjilisti akauliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo. Baba akamjibu, na alisema wazi, kila mtu asikie, kwamba alifunga injini bila kuikaza hadi mwisho, na kwamba binti yake ndiye aliyekumbuka. Hakusema kwamba binti yake ndiye aliyeruka. Mpaka anakwenda kaburini hakumwambia mtu.

"Imba, mama."

Niliimba mstari wa kwanza wa ubeti wa tatu, Baba akavuta, na ile nati ikageuka. Iligeuka kweli, na chuma kikalia, na waliokuwa karibu wakaguna. Mshale ulipanda ukapita kumi na mbili, ukapita ishirini, nikasema basi. Mstari wa pili alianza Mama kuimba pamoja nami. Mstari wa tatu wakaingia wanawake wote. Wa nne lilikuwa kanisa zima, pamoja na wale wa ng'ambo waliouimba kwa maneno ya Kibemba, na wengi hawakujua hasa wanaimbia nini, ila walimwona mzee wao amepiga magoti na walijua panafanyika jambo. Tukamaliza ubeti wa nne, pini zikarudi mahali pake.

Iliwaka kwa mzunguko wa pili. Tuku-tuku-tuku. Hakukuwa na hodi ndani yake. Mama aliweka kiganja chake juu ya tangi la maji ya kupozea injini, akakiacha hapo, na nilimwona analia na kucheka.

Tulipokaa kula kande mchana ule, Baba aliniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu mwinjilisti aliposimama. Akauliza mbona sikumwendea. Nikamwonyesha paja. Mama aliliangalia, akanyanyuka, akaniwekea karanga zaidi. Na Baba akasema jambo moja tu, ambalo nimeishi nalo: "Mimi nilikuwa naomba asikosekane mtu wa kunikumbusha. Sikujua nilikuwa nakuomba wewe."

Tangu siku hiyo, kwa ombi la Baba, kanisa letu liliimba beti zote, mvua inyeshe isinyeshe. Wageni walilalamika. Wenyeji wakawajibu kwamba hapa tunaimba kimashine.

Miaka imepita kama maji ya mto Momba wakati wa masika, hujui yamepita lini ila unaona ukingo umeliwa. Mpemba imekuwa mji, malori yamejipanga barabarani siku na siku, na mashine za kusaga zinawashwa kwa swichi. Mjukuu wangu Ezra ni fundi wa malori hapa Tunduma. Ana spana ya kupimia nguvu, ukiivuta ikitosha inalia tik. Nilimtembelea gereji, nikakuta vijana wake wanasikiliza muziki masikioni kila mtu na wake, hakuna anayesikia mwenzake, na injini nzima inatupwa kwa sababu ya kitu ambacho Baba angekisugua kwa tupa siku mbili. Nikamuuliza Ezra, kwa uchokozi wa kibibi, je, hiyo tik inakumbuka nati ipi imeshakazwa na ipi bado? Hakukasirika. Alinionyesha kikopo cha rangi nyeupe. Kila nati anayoikaza mpaka mwisho anaitia alama. "Bibi, bila alama siwashi," alisema. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kimoyomoyo, pale pale penye oili. Wimbo wake ni wa rangi, lakini ni wimbo.

Kanisani sasa kuna ibada mbili, ya pili inasubiri mlangoni, kwa hiyo haraka ni nyingi. Maneno ya nyimbo yanaonekana ukutani kwa taa, na vijana wanaoyaandaa huandika ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Siwalaumu, ni watoto wazuri, nimewafundisha wengi wao. Wimbo ule wa Baba ukifika, naimba nao walivyouandika mpaka mwisho. Ukiisha, watu wanakaa na kinanda kinanyamaza. Mimi sikai. Tumebaki bibi watatu tuliokuwepo kibandani siku ile, kila mmoja kwenye benchi lake, na wenzangu wawili nao hawakai. Tunauimba ubeti wa tatu kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, nati kwa nati, na mchungaji, ambaye hajui habari yoyote ya mashine, amejifunza kutusubiri.